Kitabu cha parokia kinasema baba yake ni A, wazee wa ukoo wanasema ni B. Nimwandike nani?

Mwana_Kibosho (mwanzisha uzi)
Wakuu, heshima kwenu.
Ukoo wetu hukutana Kibosho, Kilimanjaro, kila mwaka baada ya Krismasi. Safari hii vijana tuliomba mkutano usiishie kwenye michango, nyama na mbege. Tukapewa asubuhi nzima ya kufundishana kutafuta mababu: kumhoji mzee, kuchora mti wa ukoo kwenye karatasi ya manila, kusoma kitabu cha ubatizo. Katekista mstaafu, ndugu yetu upande wa mama, alitupitisha safu kwa safu: namba, tarehe, jina, wazazi, msimamizi, padre aliyebatiza, na ile nafasi ya pembeni inayojazwa baadaye kipaimara na ndoa.
Mchana tukaenda parokiani kwa ruhusa. Baba yake babu yangu tumempata, amebatizwa mtu mzima kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Tatizo ni jina la baba yake. Kitabu kinasema ni mtu nitakayemwita A. Wazee watatu, kila mmoja tulimhoji peke yake, wote wanasema B. Kaburi la B lipo kihambani kwetu, yaani kwenye shamba la ukoo, limezungushiwa mimea ya masale, na kila mkutano tunaanzia pale. A hajulikani na yeyote.
Mzee mmoja alikasirika kabisa: "Huyo padre alimjua baba yangu kuliko mimi?" Mti wa ukoo unatakiwa kuchapishwa. Nimwandike nani?

Kiti_Moto_Sanya
Wote wawili, kwa penseli. Uzi wa maana huu, naweka kambi.

Mangi_wa_Mtandao
Mkuu, kabla hujamlaumu padre, kumbuka tunavyopeana majina. Mtoto wa kwanza wa kiume anachukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Kwa hiyo majina yanarudi kila baada ya kizazi kimoja. Mzee akitaja mababu kwa kukariri, ni rahisi aruke mtu, kwa sababu majina mawili yanayofanana yanaungana kichwani. Mimi nahisi A ndiye baba halisi na B ni babu, wazee wameruka ngazi moja. Kwetu Uru tulikuta vizazi sita vya mdomo ni vinane vya kweli.

Mwana_Kibosho
@Mangi_wa_Mtandao nimeliwaza hilo. Shida ni kwamba A haonekani popote, si juu wala chini. Kama angekuwa baba halisi, si mjukuu wa kwanza angeitwa A? Hakuna hata mmoja.

Mangi_wa_Mtandao
Hapo umenibana. Lakini wengi wa kizazi kile walibatizwa wakapewa majina ya watakatifu, ya asili yakabaki ya nyumbani. Uliza bibi zenu, si vyeti.

Sakristia
Tumsifu Yesu Kristo. Nimetunza vitabu vya parokia miaka mingi, hivyo niseme ninachokijua.
Mtu mzima habatizwi ghafla, labda awe mahututi. Kwanza anakuwa mkatekumeni, anafundishwa muda mrefu, katekista anamfahamu hadi nyumbani kwake. Siku ya ubatizo anaulizwa yeye mwenyewe baba yake ni nani, anajibu kwa mdomo wake. Wazee wenu wa leo ni wajukuu au watoto wa wajukuu. Kwa hiyo kitabu ni ushahidi wa mtu aliyekuwepo, na wazee ni ushahidi wa waliosimuliwa. Mimi naegemea kitabu.
Angalia pia kama aliandikwa *adultus*, yaani mtu mzima, na kama kuna maneno *in periculo mortis*, yaani alibatizwa katika hatari ya kufa. Hayo ya pili yakiwepo, huenda aliyejibu ni mtu mwingine aliyekuwa kitandani pake. Na ukikuta *ignoti*, wazazi hawakujulikana.

Mwana_Kibosho
Asante sana @Sakristia. Imeandikwa *adultus*, hakuna habari ya hatari ya kufa. Mwandiko ni uleule ukurasa mzima.

Ngome_Kongwe
Tusisahau waandishi walikuwa Wajerumani. Wajerumani na majina yetu hawakuwahi kupatana. A na B inaweza kuwa jina moja, limeandikwa vibaya tu.

Mchimba_Nyaraka
@Ngome_Kongwe sahihisho kidogo. Utawala ulikuwa wa Kijerumani, ila misheni ya Kibosho, iliyoanza 1893, ilikuwa ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, na wengi wao walitoka Ufaransa na Alsace. Waliokuwa Wajerumani hasa ni Walutheri wa Leipzig, walioingia Machame mwaka huohuo wa 1893. Kwa hiyo nyaraka za Kilutheri na za serikali utaona Dschagga, Madschame, Moschi, na za Wakatoliki wa zamani zina masikio ya Kifaransa. Ukisoma jina, lisome kwa sauti, kwa lugha ya aliyeandika. Hilo ndilo funzo la kwanza ningetaka lifundishwe kwenye mikutano ya ukoo, maana vijana wanatafuta tahajia ya leo, hawaipati, wanasema babu hayumo.
Pili, mapadre wale waliandika jarida la misheni karibu kila siku: nani kafika, nani kafa, mvua, ugomvi na Mangi (mtawala wa Kichaga). Kumbukumbu za shirika lao ziko Chevilly-Larue, Ufaransa. Siku ya ubatizo wa wengi huenda jarida likasema neno.

Mwana_Kibosho
Nimesoma kwa sauti mpaka mke wangu akatoka chumbani. Hayafanani, wakuu. Herufi ya kwanza tofauti, urefu tofauti.

MamaNdeshi
Nyie wanaume mnazunguka. Mjane alirithiwa! Mume akifa, ndugu yake anamchukua mke na watoto. Sasa mtoto aliyezaliwa kabla na aliyezaliwa baada, baba yao nani? Mahali pengine wanahesabiwa wa marehemu, mahali pengine wa aliyerithi. Mtu mmoja anaweza kujibu A kwa padre, kwa sababu ndiye aliyemzaa, na nyumbani akaitwa wa B, kwa sababu ndiye aliyemlea na kumpa kihamba. Wote wawili wanasema kweli.
Uliza hivi: B alikuwa na kaka aliyekufa kijana?

Kiti_Moto_Sanya
Mama kashika usukani.

Mwana_Taita
Niaje wakuu, niko Voi. Huku kwetu karatasi ya kwanza si kanisa, ni kipande, kile kitambulisho cha enzi ya mkoloni. Babu yangu kipande chake kilimwandika mwana wa mtu ambaye hatumjui kabisa. Baadaye tukagundua karani alimuuliza "wewe ni wa nani?" naye akataja mnyapara wa shamba la katani alilokuwa akifanya kazi! Kwa miaka mingi familia ilidhani tuna babu mwingine. Kwa hivyo mimi siamini karatasi mpaka nijue swali liliulizwaje.

Mchimba_Nyaraka
Hili la @Mwana_Taita ni zito. Niongezee tu kwamba sheria ya kipande Kenya ilipitishwa 1915 ila ilianza kutekelezwa baada ya vita, kuanzia 1919 hivi. Kwa hiyo mtu asitafute kipande cha babu aliyefia kwenye jeshi la wapagazi (Carrier Corps) la vita hivyo.

Mwana_Taita
Sawa kabisa. Na wapagazi wenyewe walikufa wengi bila hata jina kuandikwa vizuri. Mtaa wa Kariokor Nairobi na Kariakoo ya Dar ni kumbukumbu ya jeshi hilohilo. Ukiwa Nairobi, Nyaraka za Kitaifa ziko Moi Avenue, lile jengo la zamani la benki. Nenda na kitambulisho na subira.

Mjukuu_wa_Kashozi
Kwetu Bukoba Mapadre Weupe walifika Kashozi 1892, nao walikuwa na shajara za kituo. Ila nataka kusema jambo la wazee. Jirani zetu Baganda, mtoto anafundishwa kujitambulisha kwa kutaja baba, babu, mpaka mkuu wa ukoo, pamoja na mwiko wa mnyama wao. Akikosea anarekebishwa mbele za watu. Mafunzo ya namna hiyo yana nidhamu kuliko karatasi. Swali kwa @Mwana_Kibosho: wazee wako watatu walifundishwa na mtu mmoja, au kila mmoja na mwalimu wake? Kama wote waliketi kwa mzee mmoja, huna mashahidi watatu, una mmoja.

Mwana_Kibosho
Duh. Wote watatu walilelewa na bibi mmoja. Hilo sikuwahi kulifikiria.

Sakristia
Ndiyo maana kwenye daftari la mahojiano lazima kuwe na mstari wa "na wewe ulisikia kwa nani?"

Binti_wa_Machame
Habari zenu. Nimesoma posti zote na hakuna aliyeuliza kuhusu mama yake huyo mzee. Mti wa ukoo wenu una wanawake? Mikutano mingi niliyohudhuria, mabinti hawaandikwi, wake wanaandikwa "mke" bila jina la kwao. Halafu mnashangaa mti una mashimo.
Mwanamke aliyeolewa alikuja na habari za kwao, na za majirani wote aliowakuta. Wanaume wanajua mstari wao, wanawake wanajua nani alizaa na nani na mwaka wa njaa gani. Na msiwahoji mbele ya mume au kaka mkubwa. Kaa naye jikoni, menya ndizi za mtori, simu irekodi kwa idhini yake. Usimuulize "alizaliwa lini". Muulize: nzige walipokuja alikuwa amebebwa au anakimbia? Wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza alikuwa ameshaoa? Shilingi ilipochukua nafasi ya rupia alikuwa analipa kodi mwenyewe? Mimi hivyo ndivyo nilivyompata bibi yangu ndani ya miaka miwili mitatu, na baadaye cheti cha ubatizo kikakubali.

Mwana_Kibosho
@Binti_wa_Machame una haki, mti wetu ni wa wanaume watupu. Nampigia shangazi leo.

Ngome_Kongwe
Nirudi kwa jambo jingine. Kibosho ya Mangi Sina ilikuwa na vita na majirani kila upande, na vitani watoto na wanawake walichukuliwa. Mtoto wa upande wa pili akilelewa Kibosho anakuwa mtu wa Kibosho. Sina alidumu mpaka Wajerumani walipompiga 1893, kwa hiyo miaka inalingana na utoto wa mzee wako.

Mchimba_Nyaraka
1891, ndugu yangu. 1893 ni misheni. Lakini hoja yako inasimama, tena inasimama vizuri zaidi: kama alikuwa mtoto kabla ya 1891, alifika ubatizo akiwa mtu mzima na anamkumbuka baba wa kwao.

Bahari_Kuu
Assalaam alaykum. Niko Unguja. Hili la mtoto wa vitani linanigusa, maana huku kwetu ndilo linalofichwa kuliko yote. Utumwa kisheria ulikomeshwa hapa 1897. Walioachwa huru wengi walibaki na jina la ukoo wa mabwana zao, na leo wajukuu wanahesabu nasaba ya bwana kama ya damu. Ukienda Nyaraka, Kilimani, unakuta mambo ambayo nyumbani hayasemwi. Mimi nilipoyakuta ya kwetu, baba yangu aliniomba nisiyasome mbele ya wageni. Nikamtii, ila nimeyaandika nikayahifadhi kwa wanangu. Kwa hiyo mkuu, ukienda kwa wazee wako usiende na sauti ya hakimu. Yawezekana wanajua na wamechagua.

MamaNdeshi
Umesema vizuri, kaka. Mungu akubariki.

Chuma_Ulete
Karne hii bado mnahojiana jikoni? Pimeni DNA muone.

Mchimba_Nyaraka
@Chuma_Ulete DNA inajibu swali ukiwa na mtu wa kulinganisha naye. Mfano tunao hapahapa Kilimanjaro. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake, na mafuvu kadhaa ya watu wetu yakaishia Berlin. Mwaka 2023 wenye kuyahifadhi walitangaza kwamba vinasaba vya baadhi ya mafuvu vimelingana na vya ndugu walio hai Tanzania. Moja lilikuwa la mtu aliyeandikwa Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikupatikana. Ona sasa: kipimo kilifaa kwa sababu familia zilikuwa zimetunza habari za nani aliuawa na watoto wake ni akina nani. Bila simulizi wasingejua wampime nani.
Kwa @Mwana_Kibosho, ungehitaji mwanamume wa mstari wa baba mpaka A, na A hajulikani. Utampima nani?

Bahari_Kuu
Na matokeo yake mjue hayafuati mtakavyo. Utafiti wa mifupa ya makaburi ya kale ya Waswahili, uliotoka 2023 pia, ulionyesha upande wa mama asili karibu yote ni ya Afrika, na upande wa baba kwa wengi ni ya Asia, hasa Uajemi. Huku pwani kila mtu aliokota kipande alichokitaka akaenda nacho barazani.

Chuma_Ulete
Nimeelewa. Jikoni basi.

Mwana_Kibosho
Wakuu nimerudi. Shangazi ameongea kwa muda mrefu na ameruhusu nilete hapa. Anasema bibi yake alimwambia hivi: mama wa huyo mzee "alikuja na mtoto mgongoni". Alikotoka hakusema, au shangazi hakumbuki. B alimpokea.
Nimempigia baba mkubwa kuuliza. Amekata simu.

Ngome_Kongwe
Mgongoni! Vita vya Sina hivyo, nimesema.

MamaNdeshi
Pole pole. Mjane aliyerithiwa naye anahamia kwa shemeji na mtoto mgongoni. Inaweza kuwa hatua mia moja tu, kihamba cha jirani.

Mangi_wa_Mtandao
Au alikuja kutokana na njaa. Kina mama wengi walipanda mlimani kutoka tambarare wakati wa ukame, wakifuata ndizi.

Mjukuu_wa_Kashozi
Au aliachika. Mbona mnakimbilia vita na njaa? Watu waliachana hata zamani.

Mzee_wa_Kihamba
Vijana, nimewasoma kimya. Baba mkubwa hakukata simu kwa sababu ya damu. Amekata kwa sababu ya ardhi. Kihamba kinafuata mstari wa baba. Siku utakapobandika karatasi inayosema mzee yule si wa B, atatokea mtu wa mstari mwingine wa B na kusema nyumba yenu ilikaribishwa tu. Nimeona kesi ya namna hiyo baraza la ukoo, ikapanda mahakamani, ikala miaka na ng'ombe. Tafuteni, lakini kabla ya kuchapisha wekeni kikao cha wakubwa, na muhtasari uandikwe kwamba kupokelewa na B ni kuwa wa B.

Binti_wa_Machame
Shikamoo mzee. Nakubali kikao kiwepo, ila na shangazi awe ndani. Ndiye aliyeleta habari.

Mzee_wa_Kihamba
Marahaba mwanangu. Awemo.

Mwana_Kibosho
Nawaza hivi: mstari mzima kwenda kwa B, mstari wa vitone kwenda kwa A, na chini iandikwe nani alisema nini na tarehe. Kwa A tutaandika kitabu na namba ya ubatizo.

Kiti_Moto_Sanya
Penseli yangu mmeikubali hatimaye.

Mangi_wa_Mtandao
Sikubaliani na vitone. Mtoto wa miaka kumi atasoma vitone kama aibu. Weka mistari miwili inayofanana.

Sakristia
Kabla ya mistari, rudi parokiani ufungue kitabu cha ndoa. Kanisa linauliza udugu kabla ya kufungisha ndoa, na mila zetu nazo zinakataza kuoana ndani ya ukoo. Tafuta kama kuna mtoto au mjukuu wa huyo mzee aliyeoa au kuolewa na uzao wa B wa mke mwingine. Kama yupo na wazee walibariki, basi walijua damu si moja. Kama walikataa posa ya namna hiyo, walimhesabu wa damu.

Mwana_Kibosho
Asante, hilo sikulijua. Na nadhani ipo moja. Kuna shangazi wa baba aliyeolewa nyumba ya tatu ya B, miaka ya baada ya vita vya Hitler. Tulikuwa tunaambiwa ni "ndugu wa mbali".

Mchimba_Nyaraka
Hiyo ni habari kubwa. Tafuta kama pembeni kuna maandishi ya ruhusa ya pekee kwa sababu ya udugu.

MamaNdeshi
Bado haifuti langu. Kama A na B walikuwa ndugu wa baba mmoja, udugu upo palepale, na kwetu Marangu niliona ndoa ya hivyo ikikubaliwa baada ya wazee kukaa na kuchinja. Angalia mwaka na msimamizi.

Mwana_Kibosho
Parokia inafungua ofisi Jumanne. Nitapiga picha ukurasa, majina nitayafunika.

Sakristia
Omba ruhusa ya paroko kwanza, na usitumie mwanga wa kamera. Wino ule umezeeka.